Hadi diski inawaka taa lakini laptopu haiioni. Ndani kuna harusi ya watu, naombeni msaada

MpigaPicha Tabata (mleta uzi), Jumapili saa 4 usiku

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu, maana mtu akiandika tu "hadi diski haisomi", anayetaka kumsaidia anabaki anabahatisha.

Kazi yangu ni picha na video za sherehe. Hadi diski yenyewe ni ya terabaiti 1, zile ndogo za kubebeka, waya mmoja tu, haina chaja yake. Ijumaa nilikuwa nahamisha video kutoka kadi ya kamera, umeme ukakatika. Betri ya laptopu yangu ilishakufa zamani, inaishi kwa chaja, kwa hiyo ikazimika palepale. Umeme uliporudi nikachomeka tena. Taa inawaka. Nasikia ule mlio wa Windows wa kuchomeka kitu, sekunde chache nasikia mlio wa kuchomoa, halafu wa kuchomeka tena. Kwenye "This PC" haipo kabisa.

Ndani kuna sherehe ya kumuaga bibi harusi, na harusi yenyewe, wenyewe bado sijawakabidhi. Na kuna kitu ambacho kwangu ni kizito zaidi. Mwaka mmoja kabla marehemu baba hajafariki nilikaa naye barazani nikamrekodi akieleza ukoo wetu, kuanzia Uluguru mpaka babu alivyoshuka Dar kutafuta kazi. Zaidi ya saa mbili. Sina nakala nyingine popote.

Jana niliipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo. Kwake ilitokea mara moja, ikaleta ujumbe wa kuomba ifomatiwe. Akapeleka mshale kwenye kitufe, nikamshika mkono. Akaniambia tufomati kwanza, kisha mafaili tutayarudisha kwa programu. Nikaichukua nikaondoka, na tangu jana najiuliza kama nilikosea.

Kijana wa Chuo

Pole mkuu. Ila fundi hakukosea sana. Mimi fleshi yangu ilileta ujumbe huohuo, nikafomati, nikarudisha picha zangu kwa programu ya bure. Jaribu tu.

Fundi wa Posta

Mleta uzi, pole sana na msiba wa mzee. Hukukosea hata kidogo, na leo usiku usiichomeke tena mpaka umalize kusoma hapa.

Kijana wa Chuo, nashukuru una nia njema, lakini ushauri huu umeshaliza watu wengi. Fleshi yako ilikuwa nzima, imevurugika kwenye maandishi tu, yaani ile orodha ya mafaili. Hapa hatujajua kama ugonjwa uko kwenye waya, bodi (kile kibao cha umeme cha diski), maandishi au diski yenyewe. Pia kufomati kuko kwa namna mbili. Kule kwa haraka kunaandika orodha mpya ya mafaili juu ya ile ya zamani, na data nyingi hubaki chini yake. Lakini ukiondoa ile alama ya "Quick Format", Windows tangu Vista inaandika sifuri kwenye diski nzima. Hapo hakuna programu ya kurudisha chochote, iwe ya bure au ya kulipia. Fundi mwenye haraka, foleni ya wateja nje, akisahau alama moja, sauti ya mzee imekwenda.

Kwa hiyo ujumbe wowote utakaokuja, uwe wa kufomati au wa "Initialize Disk", jibu ni "Cancel". Hata ukija mara ishirini.

Sasa nijibu haya. Ukiishika mkononi imechomekwa, unaisikia ikizunguka kama feni ndogo? Inagonga tik, tik, tik? Inalia kama mlio wa mbali wa mbu? Waya ni ule uliokuja nao? Unaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu au kupitia kigawanyio cha USB? Na iliwahi kuanguka?

MpigaPicha Tabata

Asante sana fundi, nimetulia kidogo.

Inazunguka, nahisi mtetemo mdogo. Haigongi. Haijawahi kuanguka, inakaa kwenye kifuko chake. Waya ni uleule wa miaka mitatu, na kweli kichwa chake kinachoingia kwenye diski kimelegea, nikiugusa taa inacheza. Nachomekea kwenye kigawanyio chenye matundu manne, kwa sababu laptopu yangu tundu moja limekufa na lililobaki linagawana na mausi.

Fundi wa Posta

Hapo umenipa nusu ya jibu.

Hadi diski ndogo inakula umeme wote kupitia waya wa USB. Tundu la USB la zamani limeruhusiwa kutoa miliampia 500, lile la USB 3 ambalo mara nyingi ndani ni la bluu linatoa 900. Diski inapoanza kuzunguka kutoka kusimama ndipo inapohitaji umeme mwingi kuliko wakati wowote. Wewe unachukua umeme wa tundu moja, unaupeleka kwenye kigawanyio kisicho na chaja yake, unaugawana na mausi, halafu unaupitisha kwenye waya uliolegea. Taa itawaka, maana taa inahitaji umeme kidogo sana. Diski itaanza kuzunguka, itakosa nguvu, itazimika, itaanza upya. Ule mlio wa kuchomeka na kuchomoa unaousikia ndio huo.

Taa kuwaka haina maana kwamba diski ni nzima. Watu wengi wananiletea wakiniambia "fundi, taa inawaka, kwa hiyo ni programu tu". Taa iko kwenye bodi, data iko kwenye sahani zinazozunguka ndani.

Kesho toa kigawanyio, toa mausi, tafuta waya mwingine mfupi, chomeka kwenye tundu la bluu. Kwa wenye kompyuta za mezani, tumieni matundu ya nyuma, kwa kuwa yameungwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Ya mbele yanapitia kiwaya cha ndani ambacho mara nyingi ndicho kibovu.

Mama Duka la Vitenge

Jamani naomba niongeze, mimi si fundi ila lilinikuta. Waya wa hadi diski yangu ulikufa siku ya kufunga hesabu za mwezi, na zile waya zenye kichwa kipana chenye vyumba viwili sikuzipata mtaani kwetu. Mwanangu akachukua waya wa simu ya zamani, zile kabla ya hizi za kisasa, akauchomeka kwenye chumba kikubwa cha kile kitundu. Ikasoma! Polepole, lakini hesabu zangu zote nilizitoa.

Fundi wa Posta

Mama, mwanao anajua kazi. Ni kweli kabisa, kile kichwa kipana kimetengenezwa hivyo makusudi, upande mkubwa unapokea waya wa kawaida wa simu za zamani na diski inafanya kazi kwa mwendo wa USB 2. Angalizo moja tu, kuna waya za simu za bei ya chini ambazo ni za kuchajia peke yake, ndani hazina nyuzi za data. Uhakikishe ni ule ambao uliwahi kuhamishia picha.

Mwalimu Mbagala

Samahani kwa kuingilia. Yangu inaonekana vizuri, ila nikiifungua nakuta vijialama vya mishale tu, mitihani yote ya darasa la saba haipo. Ila ukiangalia ukubwa, nafasi imejaa. Nilikuwa nimeichomeka steshenari kuchapisha.

Fundi wa Posta

Mwalimu, mafaili yako yapo, yamefichwa na kirusi. Usibofye hivyo vijialama. Pitisha kwanza programu ya kuua virusi kwenye kompyuta yako, kisha fungua dirisha la amri (cmd) uandike hivi, ukibadilisha G iwe herufi ya diski yako:

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

Subiri imalize. Na mwalimu, mitihani ya watoto usiipeleke steshenari kwenye diski yenye kila kitu. Weka faili moja kwenye fleshi ndogo, peleka hiyo.

Mwalimu Mbagala

Yamerudi yote. Mungu akubariki sana.

Mzee wa Magomeni

Vijana, nimesoma kimya kimya tangu jana, sasa naomba niseme langu kwa sababu fundi ameuliza kuhusu kugonga.

Yangu ilikuwa inagonga. Tik, tik, tik, inanyamaza, inaanza tena. Ilianguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi, urefu wa goti tu. Ndani nilikuwa na picha nilizozihamisha kutoka albamu za karatasi, harusi yangu, wazazi wangu, Dar ya zamani kabla ya maghorofa. Mtu akaniambia niiweke kwenye friza usiku mzima. Nikaiweka. Mwingine akaniambia niiwashe mara nyingi, iko siku itashika. Nikaiwasha labda mara hamsini. Mwisho kijana mmoja akaifungua kwa bisibisi mezani kwake, feni ikizunguka juu. Sahani ilikuwa na duara la kijivu lililochimbika.

Sikumlaumu yule kijana, aliomba ruhusa nikampa. Lakini sitaki mwingine apite nilikopita. Fundi, hebu waeleze kwa nini, maana mimi hakuna aliyenieleza.

Fundi wa Posta

Shikamoo mzee. Pole sana, na asante kwa kulisema.

Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka, nyingi za hizi ndogo ni mizunguko 5,400 kwa dakika, yaani 90 kila sekunde. Juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea bila kugusa, kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa mtu una unene wa nanomita zaidi ya 50,000. Kwa hiyo chembe ya vumbi la Magomeni kwa kichwa hicho ni kama jiwe barabarani.

Inapogonga, mara nyingi kichwa kimeharibika au hakioni alama za kukiongoza, kinakwenda na kurudi kutafuta. Kila ukiwasha, kichwa kibovu kinaweza kuparua sahani, na pale kilipoparua data haipo tena duniani. Friza inaongeza balaa, maana ukiitoa kwenye baridi kuja kwenye joto na unyevu wa Dar, matone ya maji yanajitengeneza juu ya sahani. Na kufungua mezani ni kuingiza vumbi moja kwa moja. Kazi hiyo inafanyika kwenye chumba maalumu chenye hewa iliyochujwa, na anayeifanya anabadilisha kichwa kwa kutumia diski nyingine ya aina ileile.

Kama inagonga, inakwaruza, au inalia kama mbu bila kuzunguka (hapo mara nyingi kichwa kimenata kwenye sahani), chomoa. Usiichomeke "kuangalia kidogo". Kama kilichomo si cha thamani, basi. Kama ni cha thamani, itunze ilivyo mpaka upate pesa ya mtaalamu mwenye chumba hicho. Diski iliyozimwa haizidi kuharibika kabatini kwa miezi michache.

Mzee wa Magomeni

Marahaba. Sasa nimeelewa. Endeleeni na kijana wetu wa Tabata.

Binti wa Kigamboni

Kwa sisi wa pwani, angalieni pia kutu. Tundu la diski yangu lilikuwa na rangi ya kijani ndani, ile hewa ya chumvi. Nililisafisha kwa mswaki laini na spiriti kidogo, nikaliacha likauke mpaka kesho yake, ikasoma. Muda wote nilidhani diski imekufa kumbe ni uchafu wa kwenye vile vipande vya shaba.

MpigaPicha Tabata, Jumatatu saa 2 usiku

Nimerudi wakuu. Leo nilikwenda Posta nikanunua waya mpya mfupi, nikaenda kwa jirani yangu mwenye laptopu nzima yenye tundu la bluu na betri inayokaa.

Imetulia! Haijitoi tena. Ila bado haifunguki. Kwenye "This PC" kuna herufi E bila ukubwa, nikiigusa inaleta ujumbe wa kufomati. Nimebonyeza "Cancel" kama ulivyosema. Jirani akanishauri nipige chkdsk, ile amri ya Windows ya kurekebisha diski, nikamwambia ngoja nimuulize fundi kwanza.

Fundi wa Posta

Umefanya vizuri tena. Tatizo la umeme limekwisha, sasa tuone ile Ijumaa ilivunja nini.

Bofya kulia kwenye alama ya Windows, chagua "Disk Management". Usibonyeze kitu, niambie tu unasoma nini kwenye mstari wa diski hiyo, pamoja na ukubwa.

Kwa wanaosoma pembeni, dirisha hili ndilo linalotenganisha magonjwa. Diski ikionekana pale na ukubwa sahihi lakini haina herufi, ni kazi ya dakika moja, unaipa herufi, basi. Ikiandika "Offline" unaiweka "Online". Ikiwa ya Mac, utaona sehemu nzima kabisa ambayo Windows haiitambui, na itakuomba ufomati. Usikubali, ipeleke kwenye Mac itafunguka. Ikiandika "RAW", orodha ya mafaili imevurugika lakini diski inazungumza. Ikiandika "Not Initialized" bila ukubwa wowote, au isipoonekana kabisa hata kwa waya mzima, hapo mara nyingi bodi au kichwa ndicho kimegoma, na programu haitasaidia.

MpigaPicha Tabata

Inasema 931.51 GB, RAW, Healthy. Lakini mimi nilinunua ya terabaiti 1, hizo 69 zimekwenda wapi?

Fundi wa Posta

Hazijapotea. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Terabaiti 1 ya dukani ni 931 kwenye Windows, siku zote. Hiyo namba ndiyo habari njema ya leo, inaonyesha bodi inajua diski ni kubwa kiasi gani.

Neno "Healthy" pale lisikudanganye, halizungumzii afya ya sahani. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure, haiandiki kitu kwenye diski. Nisomee mistari 05, C5 na C6, ndiyo inayohesabu sekta zenye shida, yaani vile vijisehemu vidogo ambamo diski inaweka data.

MpigaPicha Tabata

Imeleta rangi ya njano, "Caution". 05 ni sifuri. C5 inasema 000000000038. C6 ni sifuri.

Fundi wa Posta

Programu hiyo kwa kawaida inaandika kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo 38 hapo ni 56. Una sekta 56 ambazo diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa, inasubiri iamue kama ni mbovu. Inawezekana ni kule kukatika kwa umeme ikiwa katikati ya kuandika, inawezekana diski imeanza kuchoka. Kwa vyovyote, tunaitendea kama mgonjwa ambaye amebakiza safari moja.

Kwa sababu hiyo chkdsk hapana. Kwanza kwenye RAW yenyewe itakataa. Pili, hata ikikubali, kazi yake ni kuunyoosha mfumo wa mafaili uwe sawa, haikujali wewe na video zako. Faili isiyoelewa inaikata au inaitupa. Na inafanya hivyo kwenye diski halisi, palepale kwenye nakala yako pekee.

Tunachofanya ni kunakili diski nzima, sekta kwa sekta, kwenda kwenye diski nyingine nzima. Kisha ya zamani inalala kabatini, na matibabu yote yanafanyika kwenye nakala. Ukikosea kwenye nakala, unanakili upya. Unahitaji hadi diski mpya isiyo ndogo kuliko hii, fleshi mbili, na laptopu ya jirani kwa siku moja.

Dereva wa Usiku

Kwenye kununua kuweni macho. Mimi niliuziwa ya terabaiti 2 kwa bei ya kutupa. Niliweka muvi, zinaonekana majina, ukizifungua hazichezi. Ndani kulikuwa na kifleshi kidogo kimegandishwa na gundi.

Fundi wa Posta

Ndiyo, zipo. Bodi imefundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa, ikijaa inaandika juu ya vilivyotangulia. Kabla ya kuiamini diski mpya, ipitishie H2testw ikiwa tupu. Inaijaza data kisha inaisoma yote kuthibitisha. Inachukua saa nyingi, ila vumilia, na umwombe muuza duka risiti kabla hujaanza.

Mleta uzi, ukishapata, weka Ubuntu (mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows) kwenye fleshi moja, washia laptopu kwa fleshi hiyo ukichagua kuijaribu bila kuisanikisha. Fungua dirisha la amri uandike "sudo apt install gddrescue", ndiyo programu ya kunakili (kama inakataa, washa kwanza hazina ya "universe"). Kisha "lsblk" kuona majina ya diski. Hapa naomba usimame, unywe maji, umwite jirani asome pamoja nawe. Amri ni hii:

sudo ddrescue -f -n /dev/sdX /dev/sdY ramani.map

X ni herufi ya diski mgonjwa, Y ni ya diski mpya. Ya kwanza inasomwa, ya pili inaandikwa. Ukizigeuza, utanakili utupu juu ya sauti ya baba yako, na haitakuuliza mara mbili. Tofautisha kwa ukubwa. Nunua mpya ya terabaiti 2 ili zisifanane, au chomeka moja kwanza uone herufi iliyopewa, kisha nyingine.

Hilo faili la ramani lihifadhi kwenye fleshi ya pili. Ndilo linalokumbuka umefika wapi. Umeme ukikatika, unarudia amri ileile nayo inaendelea ilipoishia. Duru ya kwanza inakimbia kwenye sehemu nzima na kuruka zinazosumbua, ili ikiwa diski itakufa njiani uwe umeshavuna kilicho rahisi. Ikiisha, unarudia kwa kuweka -d -r3 badala ya -n, inarudi kuchokoa zile ngumu mara tatu.

MpigaPicha Tabata

Nimeandika yote kwenye daftari. Nikope pesa, nirudi.

Kijana wa Chuo

Fundi, kwa nini asinakili tu mafaili kwa programu ya kurudisha, ampunguzie gharama ya diski nzima?

Fundi wa Posta

Swali zuri. Programu ile inaruka huku na huku kutafuta mafaili, kichwa kinahangaika, na ikikuta sekta mbovu inang'ang'ania hapohapo muda mrefu. Kunakili moja kwa moja kunakwenda mstari mmoja kama mtu anayefyeka shamba. Na tayari angehitaji pa kuyaweka mafaili hayo, kwa hiyo diski ya pili haikwepeki. Yakirudishwa kwenye diski ileile mbovu yanaandikwa juu ya yale ambayo bado hayajaokolewa.

MpigaPicha Tabata, Alhamisi alfajiri

Wakuu, sijalala.

Nilinunua ya terabaiti 2, H2testw ikaipitisha salama. Nikaanza kunakili Jumatano asubuhi. Sehemu kubwa ilikwenda haraka mpaka kama robo tatu, kisha kasi ikashuka mpaka nikadhani imeganda. Umeme ulikatika mara mbili, betri ya jirani ilivumilia ya kwanza, ya pili haikuvumilia. Nikarudia amri, ikaanza palepale ilipoishia. Nilisimama mbele ya ile namba nikashukuru kwa sauti.

Duru zote mbili zimeisha saa 8 usiku huu. Imeshindwa kusoma kilobaiti 20 tu katika diski nzima.

Nifanye nini sasa? Nakala nayo inasema RAW vilevile.

Fundi wa Posta

Lazima iseme hivyo, ni picha yake kamili. Kilobaiti 20! Lala kwanza, kweli nakuambia. Mikono iliyochoka ndiyo inayofuta vitu. Ile ya zamani ichomoe, iandike karatasi "USIGUSE", iweke mbali.

Ukiamka, fungua TestDisk, programu ya kurekebisha diski iliyovurugika. Ni ya bure, ilitengenezwa na Christophe Grenier, na ni ya maandishi matupu lakini usiiogope. Chagua diski MPYA, kisha "Advanced", chagua partisheni (lile fungu la diski lenye mafaili yako), kisha "Boot". Diski yako ilikuwa NTFS, yaani mfumo wa mafaili wa Windows, na NTFS inaweka nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni kabisa mwa partisheni. Kama ya mwanzo imeandikiwa "Bad" na ya akiba "OK", chagua "Backup BS". Inachukua ile ya mwisho inairudisha mwanzo.

MpigaPicha Tabata, Alhamisi mchana

Ilikuwa hivyohivyo, ya kwanza "Bad", ya akiba "OK". Nimebonyeza, nimechomoa, nimechomeka.

Folda zote zipo. Zote. Nimefungua ya baba kwanza. Anaanza kwa kukohoa, kisha anasema jina langu, ananiuliza kama hicho kidude kinarekodi. Mke wangu amekuja kusimama mlangoni akasikiliza naye.

Kuna video moja ya ukumbini haichezi, ile niliyokuwa nahamisha umeme ulipokatika. Maharusi wanaingia. Ina ukubwa lakini inakataa kufunguka.

Fundi wa Posta

Alhamdulillahi. Hiyo moja haikumaliza kuandikwa, ndiyo maana. Ulikuwa unahamisha kwa "Copy" au kwa "Cut"? Na kadi ya kamera umeshaitumia tena?

MpigaPicha Tabata

"Copy". Kadi iko kwenye begi, tangu Ijumaa sikuwa na moyo wa kupiga picha. Ngoja.

MpigaPicha Tabata

Ipo. Wanaingia, na wimbo wao, na bibi yake bwana harusi anapiga vigelegele. Nimeinakili sehemu mbili kabla ya kuandika hapa.

Mama Duka la Vitenge

Nimelia jamani. Hongera mwanangu.

Mzee wa Magomeni

Hiyo ya baba yako mpe na dada zako kila mmoja yake, leo hii.

MpigaPicha Tabata

Nimeshampelekea dada yangu Morogoro, mzee, na kesho namwekea shangazi kwenye fleshi. Fundi, swali la mwisho. Hii diski ya zamani, kuna kijana anataka kuinunua kwa ajili ya vipuri. Nimpe?

Fundi wa Posta

Usimpe. Kwanza ikae mpaka maharusi wathibitishe wamepokea kila kitu. Pili, humo kuna sura za wageni mia kadhaa, watoto wa watu, michango iliyosomwa majina ukumbini. Wewe kwa kazi yako ni mtunzaji wa taarifa za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023. Wakishathibitisha, niletee Posta tuifute kwa kuiandika sifuri mwanzo hadi mwisho. Sekta zitakazokataa kuandikwa, tutazimaliza kwa kutoboa sahani.

MpigaPicha Tabata

Sawa. Jumamosi wanakuja kuchukua yao, Jumatatu niko kwako. Na betri ya laptopu naitafuta wiki hii hii.